Ndoo ya Kumi na Moja

Huku kwetu Micheweni jembe haliingii.
Ukitaka choo utachimba wiki tatu,
ukitaka muhogo utautafutia ufa,
uutie kiganja cha udongo, uuombee dua.
Shamba letu lilikuwa jiwe. Mavuno yetu kokoto.

Mama akivaa vidole vya mpira,
vipande vya tyubu ya baiskeli ya marehemu baba,
akikaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha,
na nyundo yake ya mpini wa mpera
ikisema neno lile lile tangu alfajiri.
Mie nikichambua: kubwa huku, ndogo huku,
vumbi nikilipepeta kama chuya.

Ndani ya mawe mlikuwa na vitu.
Tumbawe lenye uso wa sega la nyuki,
kome aliyejikunja akasahau kujikunjua.
Hatukuwapa majina. Wote walikuwa kokoto
ambazo hazijapondwa.

Kisha siku moja jiwe likapasuka pande mbili
likatoa chaza mzima, mkubwa kuliko ngumi yangu,
mbavu zinahesabika, mdomo ameukaza
kama mtu aliyepewa siri akaapa.
Nikamlamba. (Nilikuwa na miaka tisa,
nikilamba kila kitu.) Hana chumvi.

Wiki hiyo alikuwapo kijana wa chuo,
Nassir Mbwana, mwenye nyundo ndogo kama ya sonara.
Akampokea chaza kwa mikono miwili,
kama apokewavyo mtoto wa siku saba.
Akasema: hapa palikuwa bahari.
Hapa hapa, alipokaa mama yako,
maji yalipita juu ya kichwa chake.
Akasema laki moja na ishirini na kitu.

Mama hakuinua uso.
"Laki za shilingi?"
"Za miaka, mama."
"Aa." Nyundo ikashuka. "Na nani alikuwa akiweka daftari?"

Kijana akacheka, kisha akaacha,
maana mama hakuwa na mzaha.
Yeye mwenyewe aliweka: mkaa ukutani,
mstari kwa kila ndoo.
Sharboko wa lori naye alikuwa na lake,
na madaftari yale mawili
hayakupata kuafikiana hata mwezi mmoja.

Chaza nikamlaza chini ya mto siku nne.
Usiku nikimtegea sikio.
Nilidhani akichoka atafunguka.

Siku ya tano lori limesimama, injini haijazimwa,
ndoo kumi zimejaa pomoni,
ya kumi na moja imepungua kiganja,
na kiganja kile ndicho viatu vyangu vya skuli.
Mama akanyoosha mkono bila kunitazama.
Nikampa.
Pigo moja.

Hamkuwa na lulu. Hamkuwa na nyama wala maji.
Mlikuwa na jiwe, na katikati ya jiwe uwazi,
hautoshi punje ya mtama,
umetandwa chembe zenye kumeta.
Giza la laki nzima likaliona jua la Micheweni
muda wa kuhema mara moja,
likaingia ndooni pamoja na wenzake.

Nassir alirudi baada ya mwezi, na kamera.
Mama akamwonyesha barabara.

Sasa nasomesha darasa la tatu, Maziwa Ng'ombe,
skuli iliyomwagiwa kokoto za mwaka ule.
Miguu ya madawati imeila saruji,
na karibu na dirisha umetokeza ukingo wenye mbavu.
Sisemi ndiye. Nusu ya Pemba ni yeye.
Lakini jana Wahida alikuwa akiukuna
kwa kidole gumba cha mguu, wakati wa hesabu,
akauliza: "Mwalimu, mbona sakafu ina meno?"

Ubaoni nilikuwa nimeandika makumi, mamia, maelfu.
Nikaongeza sifuri. Nikaongeza nyingine.
Nikamkumbuka mama, ambaye kiganja chake cha kulia
hakikunjuki tena, kimebaki na umbo la mpini.
Chaki ikakatika.

Nikawaambia watoe madaftari.